Delfina Hayumo

Tufani ilipokwisha, kitu cha kwanza kufika kijijini kwetu Bantigi hakikuwa chakula. Zilikuwa fulana. Zilikuja za bluu, zikaja za rangi ya chungwa, zikaja nyeupe zenye njiwa kifuani, na ndani ya kila fulana mlikuwa na mtu mwenye huruma na kamera. Mchele ulifuata baadaye. Silalamiki, maana ulifika, na husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Ila sisi tulipona polepole kuliko picha zetu.

Naitwa Salud. Kabla ya tufani nilikuwa nauza mikate ya mchele mbele ya shule, na baada ya tufani nikahamia uwanja wa shule hiyo hiyo, kwenye hema, mimi na mume na watoto na mama mkwe. Hema letu na la Delfina yaligawana kamba moja. Yeye akikohoa, namsikia. Mimi nikimgombeza mume wangu, naye anasikia, au tuseme angesikia kama angekuwamo.

Delfina hakuwemo. Kwetu jambo hili halihitaji profesa. Mtu akishtuka sana, dungan yake, yaani ile nafsi inayoukalia mwili, huruka ikabaki pale pale alipotishika, na mwili unakwenda zake nyumbani peke yake. Mwili huo utapika, utafua, utaitikia salamu. Lakini ukiutazama machoni ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Ndiyo maana mzazi wa kwetu haondoki mahali, iwe mtoni, makaburini au sokoni, bila kuita majina. Unapiga ardhi kwa kiganja, unasema kwa sauti ya kawaida, "Haya twende, fulani, usibaki." Unawaita watoto mmoja mmoja, mwisho unajiita mwenyewe. Siku ile maji yalipoteremka, tuliondoka kilimani penye kanisa tukiwa nusu uchi, na hata hivyo niliwaita wangu wote: mume, watoto, hata nguruwe wangu jike ambaye sikujua kama yu hai. Mama mkwe nilimwita mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, naye akaja upesi sana.

Delfina hakuitwa na mtu. Mama yake alikwisha kufa zamani. Mumewe alikwenda Manila kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Binti yake Maymay, wa miaka sita, alikuwa amemng'ang'ania shingoni, meno yanagongana kwa baridi, hata jina lake mwenyewe lisingemtoka. Mwanawe mkubwa, Rodel, alichukuliwa na maji. Kwa hiyo Delfina alishuka kilima kimya kimya, na kila mtu akiwa na lake, hakuna aliyekumbuka kumwita.

Baada ya fulana za mchele zikaja fulana za moyo. Hizo ndizo zilizomleta Madamu Trixie, msichana wa Manila mwenye miwani na boksi la penseli za rangi. Alituketisha kwenye duara, akatuomba tuseme yaliyotupata, eti yakisemwa hupungua. Nikaanza mimi, maana sijawahi kuombwa kusema nikakataa. Nikafika kwenye sauti ya upepo, nikatapika juu ya penseli. Mume wangu akaanza, akaishia kulitukana bati la jirani kwa dakika nzima. Mama mkwe alisema yeye hakuona kitu, alikuwa amefumba macho, na kwamba lolote lililotokea ni kosa langu.

Kisha akasimama Delfina.

"Maji yalikuja kutoka pande mbili," alisema, kwa sauti ya mtangazaji anayesoma hali ya hewa. "Binti nilimweka shingoni, mwana nilimshika mkono. Gogo la mnazi likaja. Mkono ukateleza. Alikuwa amevaa fulana ya njano." Akanywa maji, akawatazama wageni kwa upole. "Asanteni kwa kuja."

Fulana zote zililia. Mzungu mmoja alitoka nje akaegemea ukuta. Na pale nyuma nikamwona Kapteni Onofre amesimama, hamtazami Delfina, anatazama leso za wageni.

Huyu Onofre ni kiongozi wa kijiji chetu. Cheo chake ni Kapteni, ingawa hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Ni mtu wa kunyoa vizuri, mwenye nywele ndefu za upande mmoja anazozilaza juu ya kichwa hadi upande wa pili, akizibandika kwa mafuta. Tufani iliyong'oa minazi haikuzing'oa zile nywele. Hapo ndipo tulipojua kwamba Kapteni ana uwezo.

Tangu siku hiyo kila fulana iliyoingia Bantigi ililetwa kwanza kwa Delfina. Kapteni alichapisha bango kubwa la turubai, "Karibuni Bantigi, Kijiji Chenye Ujasiri," picha yake ikiwa kubwa kama mlango na ya kijiji ikiwa ndogo kama bahasha, akalitundika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ule wenye paa, jengo pekee lililobaki limesimama. Chini ya bango akaweka kiti. Delfina alikaa, akasimulia, akanywa maji, akashukuru. Maneno yale yale, pumzi ile ile. Zikaja sadini za kopo. Zikaja ndoo. Zikaja taa za jua, na mabati, na wakati fulani zikaja baiskeli za watoto, ingawa barabara ilikuwa bado haijarudi. Kufa kufaana. Sisemi kwamba mimi sadini sikula. Nilikula, na nikasema hazina chumvi.

Wanawake walianza kumpangia zamu ya kumchana nywele kabla ya wageni. "Usimpake poda," mmoja angesema, "akipendeza tutapata ndoo tupu." Mwingine, "Mbona leo kapumua mapema kabla ya gogo? Wale wa chungwa walikuwa hawajatoa leso." Tulikuwa tumegeuka wakosoaji wa sanaa, sisi tuliokuwa tukilala juu ya maboksi.

Siku moja tunafua nguo bombani, nikamuuliza. "Delfina, mdogo wangu, unaposimulia, unawezaje?"

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali pa kawaida tu. "Simulii mimi, Dada Salud. Mimi huwa niko juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye boriti ya uwanja, pale penye viota vya shorewanda. Nakaa pale namsikiliza. Anasimulia vizuri, yule mwanamke. Pametulia kule juu. Naona utosi wa Kapteni, ana upara mkubwa kama sahani, zile nywele zimelazwa tu."

Nilicheka hadi sabuni ikaniponyoka. Kisha nikaona yeye hacheki, nami nikaogopa.

"Na ukitoka uwanjani unashuka?"

"Nishuke nifanye nini?" akasema, akaendelea kusugua shati. Lilikuwa shati la Rodel. Alikuwa amekwisha lisugua hadi limetoboka.

Nikampeleka habari Madamu Trixie. Nasema haki yake: msichana yule alikuwa na akili, na moyo pia.

"Ni kinga, Mama Salud," alisema. "Akili ikipewa mzigo isiyoweza kuubeba, hujitoa pembeni. Ni kama fyuzi inavyokatika ili nyumba isiungue."

"Basi mrudishie fyuzi."

"Na nyumba ikiwa bado inawaka moto? Kila mgeni akija tunamwasha upya. Aache kwanza kusimulia. Apate usalama, apate watu wake, atarudi mwenyewe. Nimewaandikia wakubwa wangu Manila."

"Wamesemaje?"

Akavua miwani akaifuta. "Wamesema video yake imependwa sana, na kama anaweza kusimulia tena kukiwa na mwanga mzuri zaidi."

Sasa aliyekuwa anaumia kwa haya yote hakuwa Delfina. Delfina alikuwa kwenye boriti, salama. Alikuwa Maymay. Mtoto alikuwa na jino linalotikisika, na hakuna jambo kubwa duniani kama jino la kwanza. Alimwendea mama yake akafungua kinywa. "Mama, ona." Delfina akamshika kidevu, akatazama, akasema, "Vizuri sana," akaanza kumchana nywele, kishungi kimoja tu, kile kile, hadi ngozi ikawa nyekundu. Mtoto akavumilia. Halafu akaja hemani kwangu, akanionyesha mimi jino, nami nikalisifia kwa nguvu zangu zote. Alinitazama kwa huruma. Alijua kwamba sifa zile zimetoka nyumba isiyo yake.

Kisha akaja Nenita kutoka Bacolod, ng'ambo ya mlango wa bahari, dada mkubwa wa Delfina. Ana duka la mikate na hana mtoto. Alikuja na gunia la mikate na mdomo uliokaza kama wa mtu anayebeba sindano kwa meno. Alikaa hemani kwa mdogo wake mchana kutwa. Jioni akatoka, akaja kuketi kwangu.

"Salud, huyu mtoto anakula wapi?"

"Kwa mama yake. Anapika vizuri tu."

"Nimeona. Kapika, kapakua sahani tatu, kaiweka moja mbele ya mtu asiyekuwepo, akamsahau aliyekuwepo." Akajifuta uso kwa upindo wa gauni. "Nampenda mdogo wangu. Lakini mtoto hawezi kulelewa na kiti. Nakuja tena Jumamosi ijayo na boti ya asubuhi. Kama Delfina hajarudi mwilini mwake, namchukua Maymay. Nitamlea kwa mikate na makofi, kama binadamu."

Angekosea, ningemjibu.

Kesho yake nikatia mchele kidogo kwenye kopo la sadini, nikamshika Delfina mkono hadi kilimani, kwenye mabaki ya kanisa. Nikapiga ardhi kwa kiganja, nikatawanya mchele, nikaita, "Haya twende, Delfina, usibaki!" Nikaita mara nyingi, kwa upole, kwa ukali, mwisho kwa matusi. Yeye alikuwa amesimama kando yangu, mikono imekunjwa kwa heshima. Nilipomaliza akasema, "Asante kwa kuja, Dada Salud." Tukashuka. Njiani nilielewa. Hawezi mtu yeyote tu kuita. Ukiitwa na jirani, unadhani anataka chumvi.

Kosa langu ni kwamba nilimweleza mume wangu, na mume wangu hana mfuniko. Jioni ile ile Kapteni Onofre alikuwa mlangoni.

"Nasikia unamrudisha Delfina," alisema, bila hata kukaa. "Hujui kwamba Jumamosi wanakuja wale wa nyumba? Nyumba za tofali, Salud! Wanachagua kijiji kimoja, sisi au jirani zetu wa Kawayan. Wa Kawayan wana mzee anayelia. Sisi tuna Delfina. Akirudi mwilini kabla ya Jumamosi, ataweza kusimulia?"

"Na mtoto anayechukuliwa Jumamosi?"

Kapteni akalaza nywele zake. Ni mwanasiasa. Ukimwonyesha kikwazo, hukikatia utepe. "Basi tumrudishe rasmi," akasema. "Ijumaa. Hadharani. Wapige picha. Akirudi, ni ushindi wa utamaduni wetu, na asiporudi, anasimulia kama kawaida."

Nikaona kwamba amekwisha liona bango lake kichwani.

Ijumaa bango likatundikwa: "Karibu Tena, Dungan!" na picha ya Kapteni akitabasamu, kana kwamba ni yeye anayekuja. Madamu Trixie alijaribu kuzuia, akapewa kiti cha mbele na kofia. Kulikuwa na sala, wimbo wa shule, hotuba ya mwakilishi wa diwani, na kuku wa kukaanga kwa wageni. Delfina aliketishwa katikati na kufungwa shada shingoni. Kipaza sauti kilikuwa cha mashine ya karaoke ya shemeji yake Kapteni, na kwa kuwa Kapteni alitaka muziki laini nyuma ya maneno yake, wakabonyeza wimbo wa mapenzi bila mwimbaji.

"Nafsi ya raia Delfina Bretaña!" Kapteni alinguruma, hadi shorewanda wakatoka kwenye boriti. "Kwa mamlaka niliyopewa, nakuagiza urejee katika mwili wako halali, ndani ya mipaka ya Bantigi, ukashirikiane nasi katika ujenzi wa taifa!"

Aliita hivyo wimbo mzima. Delfina alimsikiliza kwa adabu. Nilitazama macho yake. Wenyewe wamehama. Na ungekuwa wewe ni nafsi, umekaa zako juu umepumzika, ungeshuka kwa hotuba ile? Mimi ningepanda bati. Wimbo ukaisha. Mashine, ambayo haikujua tofauti ya nafsi na nyimbo za mapenzi, ikapiga tarumbeta na kuonyesha alama za mwimbaji kwenye kioo: tisini na tatu. Watu wakapiga makofi. Kapteni, Mungu amsamehe, akainama kuwashukuru.

Maymay alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakupiga makofi. "Wameita vibaya," akaniambia. "Hawajapiga chini."

Jumamosi wakaja wale wa nyumba. Hawakuvaa fulana. Walivaa mashati ya mikono mirefu, na hapo hata mama mkwe wangu akanyamaza, maana fulana huleta ndoo, lakini shati huleta saruji. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja wa kigeni mwenye mvi, mpole, mwenye leso tayari mkononi. Madamu Trixie ndiye aliyepewa kazi ya kumtafsiria. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Kila mtu alikuwa amekwisha chagua kichwani mlango wake utazame wapi.

Nenita naye alikuwa amefika na boti ya asubuhi. Kapteni alimdaka mlangoni. "Mchukue mtoto upitie nyuma, dada yangu, tafadhali. Usimtibue Delfina. Ni nusu saa tu ya maisha ya kijiji kizima."

"Mtoto atamuaga mama yake," Nenita alisema, "na wewe utanipisha."

Nilikuwa nimesimama karibu, nimeyaona yote. Maymay amebeba mfuko wa plastiki wenye nguo zake. Akaenda hadi kwenye kiti, chini ya bango. "Mama, nakwenda kwa shangazi Nenita." Kwetu mtoto huita hivyo kila dada wa mama. "Nakwenda Bacolod."

Delfina akampapasa kichwa, akamtazama kwa ule upole aliokuwa akiwapa wageni. "Asante kwa kuja," akamwambia mwanawe.

Nenita akageuza uso. Mimi nilimtukana Mungu kimoyomoyo, kisha nikamwomba radhi, kisha nikamtukana tena. Walianza kutembea kuelekea lango la uwanja, mwanamke na mtoto, polepole, kwa sababu watu walijaa. Na nyuma yao Kapteni akaashiria, kipaza sauti cha karaoke kikawekwa mbele ya kinywa cha Delfina, naye akaanza.

"Maji yalikuja kutoka pande mbili. Binti nilimweka shingoni, mwana nilimshika mkono..."

Langoni Maymay alisimama. Nenita akamvuta, hakuvutika. Aliweka mfuko chini, akachuchumaa, akapiga sakafu kwa kiganja, kama alivyofundishwa tangu anatambaa kwamba mahali hapaachwi hivi hivi.

"Haya twende, Maymay, usibaki," akasema. Si kwa sauti kubwa. Sauti ya mtoto anayefunga mlango. Akapiga tena chini. "Haya twende, Mama, usibaki."

"Gogo la mnazi likaja," alisema Delfina, "mkono..."

Bibi mwenye mvi akainua leso, maana aliambiwa ni hapo. Lakini Delfina hakunywa maji. Alitazama juu kwenye boriti, kama mtu anayetafuta alipoacha kitu. Kisha akatazama chini, kulia, kushoto, akaona watu, akaona bango, akaona lango.

"Maymay," alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu tufani, sauti kali ya mama aliyechoka. "Nani kakuvalisha viatu hivyo? Cha kushoto uko nacho kulia."

Kweli, vilikuwa kinyume. Sisi wote tulimwona mtoto asubuhi nzima, hakuna aliyeona.

Akainuka kwenye kiti, akaanguka kwenye magoti yake. Kilio kilichomtoka hakikuwa cha leso. Kilikuwa cha tumboni, kibaya, chenye makamasi, na kipaza sauti kikakipeleka hadi barabarani. Mtu mmoja alikimbia kuizima mashine isije ikampa alama. Bibi wa kigeni akarudi hatua nyuma.

"Haukuteleza!" Delfina alipiga kelele. Sasa hakuhitaji kipaza sauti. "Msiseme uliteleza! Nilimwachia! Gogo lilikuja, Maymay anazama, nilihitaji mkono, nikafungua vidole hivi... hivi... naye ananitazama! Rodel ananitazama!"

Uwanja mzima ulinyamaza. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote na sijawahi kuwasikia wakinyamaza. Wapo waliokuwa wakiusubiri mstari wa fulana ya njano, na sasa hawakujua waweke wapi macho yao.

"Anasema nini?" bibi mwenye mvi akauliza kwa lugha yake.

Madamu Trixie alikuwa analia miwani yake imejaa ukungu. Kapteni akamnong'oneza, "Mwambie anashukuru. Mwambie anashukuru!" Trixie akamtazama kwanza yeye, halafu bibi. "Anasema amerudi," akatafsiri. "Anaomba mtoke nje."

Delfina alikuwa amemfikia mtoto kwa magoti, nguo zimechanika. Alimvua viatu, akamvalisha upya, akikosea vifungo. Maymay alitumia nafasi hiyo kufungua kinywa. Jino lilikuwa limeng'oka usiku uliotangulia, kulikuwa na pengo. Delfina alilitazama lile pengo akalia upya. Nenita aliketi sakafuni kando yao. Baadaye alirudi Bacolod na boti ya jioni, mkono mmoja mtupu, akiniachia mikate na maagizo kana kwamba mimi ni mfanyakazi wake.

Nyumba za tofali walipewa watu wa Kawayan. Mzee wao alilia kistaarabu, machozi mawili matatu, akabusu mkono wa bibi. Kapteni Onofre alikuja hemani kwa Delfina kumlaumu, akasema kijiji kimepoteza kuta kwa sababu ya viatu. Delfina alimsikiliza, kisha akamwambia mbele ya watu, "Kapteni, zile nywele ziache zianguke tu. Juu ya utosi una upara mkubwa kama sahani. Nimekaa juu yake miezi, naujua hadi mabaka yake." Tangu siku hiyo Kapteni huvaa kofia ya chama chake cha siasa.

Wanawake nao walinuna. "Mtoto hakuweza kusubiri hadi mchana?" walisema, wakitwanga kwa hasira. Nikawaambia, basi tumtafute mwenzenu mmoja tumwachie mwanawe majini, tupate nyumba za ghorofa. Hawakuniamkia wiki nzima, nikapumzika.

Msidhani Delfina aliyerudi ni rahisi. Yule aliyekaa kwenye kiti alikuwa jirani mzuri kuliko huyu. Huyu mvua ikigonga turubai anatoka nje anapiga mayowe. Anachoma wali. Amemrushia mume wangu sufuria, ingawa hilo namwelewa. Usiku anamwita Rodel, na mimi upande wa pili wa kamba naziba masikio, kisha nazibua, kwa sababu mtu akilia ni vizuri awepo anayesikia. Madamu Trixie huja bila kamera, akakaa naye kimya, wakamenya vitunguu. Fulana zikija, Delfina huwatazama hadi wanaondoka wenyewe. Sadini zimekwisha.

Mwishoni walitujengea vibanda vya mbao na mabati kule nyuma ya kilima, na mahema yakang'olewa. Siku ya kuhama uwanja mzima ulikuwa ukipigwa viganja, kila mama anaita wake, hata Kapteni alijiita chini ya kofia. Mimi niliwaita wangu, nikamfikia mama mkwe nikasitasita, nikamwita.

Delfina alichuchumaa penye alama ya hema lake. "Haya twende, Maymay, usibaki." Akapiga ardhi. Kisha kiganja kikabaki pale chini, hakikuinuka, na sote tuliokuwa karibu tukaacha kufunga mizigo.

"Rodel," akasema, akiitazama bahari kati ya nguzo za mahema zilizobaki. "Wewe baki, mwanangu. Mama anakwenda."

Halafu akapiga ardhi mara ya mwisho. "Twende, Delfina." Akaweka sufuria kichwani, akamshika Maymay mkono. Aliubana sana. Mtoto alilalamika njia nzima kwamba anaumia, na mama yake alimsikia kila alipolalamika, lakini hakumwachia.